Wa Kwanza Kufika: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na Wananchi

Kila moto mkubwa uliowahi kutokea nchini Tanzania una watu waliofika kabla ya gari jekundu. Jirani aliyeamshwa na kelele, mwalimu wa zamu, mlinzi wa soko, dereva wa bodaboda aliyekuwa akipita, mvuvi aliyekuwa kwenye mtumbwi wake. Taarifa za tukio kwa kawaida hazitaji majina yao. Hata hivyo dakika za mwanzo huwa mikononi mwao, na dakika hizo ndizo huamua kama moto utaishia jikoni au utachukua mtaa mzima.

Historia ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, tangu Bunge lilipotunga sheria iliyoliunda mwaka 2007, inaweza kusimuliwa kwa kuhesabu magari, vituo na vyeo. Hesabu hiyo ina heshima yake, kwa sababu nyuma ya kila gari kuna askari walioingia penye moshi wakati wengine wote wanatoka. Lakini askari hao wenyewe ndio mashahidi wa kwanza kwamba hawakuwahi kushinda moto peke yao. Kumbukumbu hii inafuata njia ambayo jeshi limepita, mara nyingi kwa uchungu, hadi kumtambua mwananchi aliyefika mwanzo kuwa mshirika wa kuandaliwa mapema.

Huduma iliyozaliwa mjini

Zimamoto ya Tanganyika ilianza kama huduma ya miji. Utawala wa kikoloni uliijali bandari, maghala, ofisi na maduka ya katikati ya mji. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa imegawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni kwenye nyumba za mawe na bustani, Uhindini kwenye maduka, na upande wa Waafrika kwenye nyumba za miti na udongo, nyingi zikiwa zimeezekwa makuti. Makuti yakishika moto wakati wa kaskazi, upepo hauwapi watu nafasi ya kutuma mjumbe. Watu walitoka na ndoo, mchanga na magunia yaliyoloweshwa, na ikibidi waliliangusha paa la nyumba ya pili ili moto ukose njia. Kuangusha paa la mwenzako ambalo bado halijaungua ni uamuzi mzito, na hauwezekani pasipo watu wanaoaminiana. Uzoefu huo wa mtaani ulikuwapo kabla ya sheria yoyote.

Baada ya Uhuru, vikosi vya zimamoto viliendelea kuwa mali ya mamlaka za miji. Mwaka 1972 serikali ilizivunja mamlaka hizo chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na huduma nyingi za mijini zikadhoofika: taka, maji machafu, barabara, na zimamoto pamoja nazo. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, na Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zikazipa msingi mpya. Tatizo la msingi lilibaki palepale. Uwezo wa kuzima moto ulitegemea mfuko wa halmashauri. Mji wenye mapato uliweza kununua gari na kuajiri vijana wachache, na wilaya ya vijijini haikuwa na kitu. Mkazi wa Dar es Salaam alijua angalau pa kukimbilia, pale kituo cha zimamoto kando ya Barabara ya Morogoro, ambapo leo abiria wa mabasi yaendayo haraka hushuka kwenye kituo kinachoitwa Fire. Mkazi wa Kyerwa au Rombo hakuwa na pa kukimbilia.

Sheria moja, jeshi moja

Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ilibadili mpangilio huo. Vikosi vilitoka kwenye halmashauri vikawekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, bega kwa bega na Polisi, Magereza na Uhamiaji. Kamishna Jenerali akawa mkuu wa jeshi, na mikoa ikapata makamanda wanaowajibika kwake. Pius Nyambacha, Thobias Andengenye na John Masunga ni miongoni mwa waliopokezana uongozi huo. Vijana wanaojiunga hupita katika chuo cha jeshi kilichopo Chogo, wilayani Handeni, na nchi nzima hupiga namba moja ya dharura, 114, bila malipo.

Neno uokoaji katika jina la jeshi lina uzito wake. Askari hawa huitwa kwenye ajali za barabarani kukata mabati ya basi lililobana abiria, kwenye mafuriko, kwenye majengo yaliyoporomoka, na kwa mtoto aliyetumbukia kisimani. Sheria iliwapa pia kazi zisizo na king'ora: kukagua majengo, kushauri mafundi na wamiliki kabla ya ujenzi, kuchunguza chanzo cha moto, na kutoa elimu kwa umma. Kazi hizi za kimya ndizo zinazookoa watu wengi zaidi, na ndizo zisizopigwa picha. Upande wa Zanzibar zinafanywa na Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji cha Serikali ya Mapinduzi.

Jeshi jipya lilirithi vikosi vya mijini na likapewa nchi nzima. Tanzania ina zaidi ya kilomita za mraba 945,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Hakuna bajeti inayoweza kuweka gari la zimamoto katika kila kata ya nchi kubwa namna hiyo. Tangu mwanzo, basi, ushirikiano na wananchi ulikuwa ndiyo njia pekee ya jeshi kuwa la kitaifa kwa vitendo.

Somo la mabweni

Hakuna mahali ambapo somo hilo liliandikwa kwa machozi kama kwenye mabweni ya shule. Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga, Rombo. Agosti 2009, wanafunzi 12 walikufa katika Sekondari ya Idodi, Iringa. Septemba 2020, watoto 10 walikufa bwenini katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Shule hizi tatu ziko mbali moja na nyingine, na mbali na miji mikubwa. Katika mazingira ya namna hiyo, hata gari likitoka kituoni kwa kasi zote, bweni lenye vitanda vya mbao, magodoro ya sponji na vyandarua halitalisubiri. Sponji ikiwaka hutoa moshi mzito wenye sumu, na mtoto aliyelala huzidiwa na moshi kabla moto haujamgusa.

Kwa hiyo usalama wa bweni hutengenezwa mchana, na watu wasiovaa sare ya zimamoto. Mkaguzi akifika shuleni huanza na mlango. Je, unafunguka kwenda nje? Upo mlango wa pili upande mwingine? Usiku ufunguo unakaa na nani, na mwanafunzi wa ndani anaweza kufungua mwenyewe? Kisha hutazama madirisha. Nondo zilizowekwa kumzuia mwizi asiingie humzuia mtoto asitoke, kwa hiyo ushauri ni kuwa na dirisha la nondo zinazofunguka kwa ndani. Baadaye hutazama nafasi kati ya vitanda, nyaya za umeme zilizounganishwa kienyeji, na taa inayotumika umeme ukikatika, kwa sababu mshumaa juu ya kitanda ni hatari inayojulikana na kila mwalimu.

Orodha hiyo haitekelezwi na jeshi. Inatekelezwa na mwalimu mkuu, bodi ya shule, matroni, fundi seremala wa kijijini na wazazi wanaochanga fedha za mlango wa pili. Jeshi likiondoka, anayebaki na usalama wa watoto ni matroni. Ndiyo maana kikao cha askari na matroni, ambacho huchukua saa chache tu, kina thamani kubwa kuliko ziara ya kiongozi yeyote. Matroni akifundishwa kuhesabu watoto usiku, kuwaongoza hadi eneo la kukusanyika na kuwahesabu tena, shule imepata mkombozi anayelala hatua chache kutoka bwenini. Skauti nao wamekuwa nguzo katika shule nyingi, maana wamezoea nidhamu, huduma ya kwanza na kupokea amri, na wenzao huwasikiliza.

Msamvu na ndugu zake

Asubuhi ya Jumamosi, 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro. Watu walisogea na madumu kuchota petroli iliyomwagika, kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha na taifa likaomboleza kwa siku tatu.

Afrika Mashariki na Kati ilikuwa imeshauona msiba wa namna hiyo. Januari 2009 ulitokea Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya. Julai 2010 ulitokea Sange, mashariki ya Kongo, ambako waliokufa walizidi 200. Septemba 2011 bomba la mafuta lililovuja katika mtaa wa Sinai, Nairobi, liliua watu wengi. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wahenga walisema hivyo, na bado petroli ya bure iliendelea kuvuta watu, kwa sababu dumu moja ni mlo wa siku kadhaa kwa mtu asiye na kitu.

Kuwalaumu marehemu kwa umaskini wao hakumfundishi mtu. Kinachofundisha ni kueleza petroli inavyofanya kazi. Inatoa mvuke hata siku ya baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukaa mitaroni, na cheche moja ya betri au pikipiki inatosha kuuwasha ukiwa mbali na lori lenyewe. Maelezo hayo yanaposemwa kijiweni na mwenyekiti wa bodaboda ambaye amefundishwa na askari, yanasikilizwa kuliko tangazo la redio. Waendesha bodaboda ndio hufika kwenye ajali ya barabarani dakika za mwanzo. Wakijua kuziba njia, kuwarudisha watu nyuma na kupiga 114 wakitaja jina la mahali na upande wa barabara, tayari wameshafanya nusu ya kazi. Madereva wa malori, wenye vituo vya mafuta na serikali za vijiji vilivyo kando ya barabara kuu ni washirika wa aina hiyohiyo.

Sokoni, penye mali ya maskini

Usiku wa 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, liliwaka moto. Jengo hilo lilibuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, na lilifunguliwa mwaka 1975. Miezi sita baadaye, Januari 2022, soko la Karume nalo liliteketea. Wafanyabiashara waliopoteza vibanda walipoteza mkopo, ada za watoto na mtaji wa miaka. Wengi hawakuwa na bima.

Baada ya kila moto wa soko husikika lawama ileile: gari limefika halina maji. Inafaa wananchi waijue hesabu yake. Gari lenye tangi la lita 5,000, likimwaga lita 1,000 kwa dakika, humaliza tangi lote kwa dakika tano. Moto wa soko hauzimwi kwa dakika tano. Gari hilo linahitaji chanzo cha maji jirani, na ndiyo maana mamlaka za maji ni sehemu ya zimamoto kama alivyo askari mwenyewe. Bomba la kuchotea maji ya kuzimia moto likifukiwa na lami, likijengewa kibanda juu yake au likikosa msukumo, gari hilo hugeuka kuwa la kupanga foleni ya maji. Wenye maboza binafsi wanaouza maji mitaani wanaweza kuokoa mtaa mzima endapo jeshi lina namba zao mapema na makubaliano yanayoeleweka.

Mshirika mwingine ni kamati ya soko. Hiyo ndiyo inayojua nani analala ndani ya kibanda, nani anachomelea vyuma karibu na duka la nguo, na nani ameunganisha umeme kwa waya usiofaa. Mgambo na walinzi wa usiku hujua geti lipi limefungwa na ufunguo uko kwa nani. Vichochoro vinavyojaa meza na mafurushi jioni vinaweza kuachwa wazi kwa amri ya kamati, si kwa bunduki ya mtu. Machinga anapokubali kurudi nyuma hatua mbili ili njia ya gari ibaki, anaacha sehemu ya kipato chake kwa ajili ya wote, na jambo hilo linastahili kushukuriwa waziwazi.

Mlimani na ziwani

Oktoba 2020 moto ulianza Mlima Kilimanjaro, karibu na Whona, mahali ambapo wapandaji hupumzika kati ya Mandara na Horombo. Huko hakuna barabara ya gari wala bomba la kufungia mpira. Moto huo uliteketeza eneo la kilomita za mraba 95.5 kwa hesabu ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na aliyeuzima ni umati wa watu: askari wa zimamoto, wahifadhi wa TANAPA, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, wapagazi, waongoza watalii na wanavijiji wa miteremko ya mlima. Silaha zao zilikuwa matawi mabichi, mapanga na majembe ya kulimia njia za kuzuia moto. Chakula na maji vilipanda mgongoni mwa watu. Mpagazi anayejua kila kona ya mlima alikuwa na ujuzi ambao hakuna chuo kingeweza kumpa askari kwa wiki moja.

Tukio la Bukoba liliigusa nchi kwa namna ya pekee. Asubuhi ya Jumapili, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka Ziwa Viktoria ilipokaribia kutua. Wavuvi ndio waliofika mwanzo, kwa mitumbwi ya kasia. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, kwa maelezo yake mwenyewe aliufikia mlango wa nyuma na kusaidia kuufungua kwa kasia lake, na abiria wakaanza kutoka. Alijaribu pia kuwafikia marubani, akaumia, akapoteza fahamu na kupelekwa hospitali. Watu walijipanga ufukweni wakivuta kamba, mikono ya raia na ya askari kwenye kamba moja. Watu 24 waliokolewa na 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo.

Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza agizo la Rais Samia Suluhu Hassan kwamba kijana yule aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa zawadi stahiki kwa mtu mmoja. Kwa taasisi nzima ilikuwa na maana pana zaidi, kwa sababu taifa lilikiri hadharani kwamba mkombozi wa kwanza alikuwa raia mwenye kasia. Kando ya Ziwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa, na katika pwani yote ya Bahari ya Hindi, kuna maelfu ya wavuvi wenye mitumbwi, wanaojua maji na upepo wa mahali pao. Mialo mingi ina vikundi vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali. Wakipewa majaketi ya kuokolea, kamba, mafunzo ya kumtoa mtu majini na kumpulizia pumzi, ziwa litakuwa na kikosi cha uokoaji kila kilomita chache.

Mjini nako, Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Kabla mashine hazijafika, wafanyabiashara na vijana wa mtaani walikuwa tayari wanachimbua kifusi kwa mikono. Zaidi ya watu 80 walitolewa hai katika kazi iliyowaunganisha raia, zimamoto, wanajeshi, polisi, madaktari na watu wa Msalaba Mwekundu. Waliokwama chini walipelekewa maji na hewa kupitia matundu huku kazi ikiendelea. Wengine hawakuwahiwa. Eneo kama hilo linahitaji nidhamu ngumu: kunyamaza wote kwa pamoja ili sauti ya chini isikike, kutokanyaga bamba linaloning'inia, kumtii mmoja anayeongoza. Raia aliyefundishwa mambo hayo mapema ni msaada mkubwa. Asiyefundishwa, hata kwa moyo mwema kabisa, anaweza kumfukia yule anayetaka kumwokoa.

Mtungi jikoni kwa mama lishe

Kazi ya kila siku ya ushirikiano huu haina vishindo. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Ni habari njema kwa misitu na kwa mapafu ya kina mama. Kwa zimamoto ina maana kwamba mitungi ya gesi inaingia katika mamilioni ya nyumba ambazo hazikuwahi kuwa nayo, pamoja na vibanda vya mama lishe vyenye kuta za turubai.

Askari wanaofundisha sokoni huanza kwa kuweka mtungi mdogo katikati ya uwanja na kuuwasha kwenye koki. Mwali unapopanda, watu hurudi nyuma na wengine hukimbia. Askari hachukui kizimia moto. Anachukua gunia au kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa, anakishika kwa ncha mbili za juu na kukunja vidole ndani ili nguo imkinge, anakwenda polepole akifuata upepo, anafunika koki na mwali unazimika. Kisha anafunga valvu. Baada ya hapo anamwita mmoja wa wapishi. "Mama, njoo ujaribu. Usikimbie. Kunja vidole, tanguliza nguo, macho kwenye koki." Mama anajaribu, mkono unatetemeka kidogo, mwali unazimika na uwanja mzima unapiga makofi. Kuanzia siku hiyo kibanda kile kina mtu asiyepoteza akili akiona moto.

Somo huendelea na mambo ya nyumbani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hujaa sakafuni. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi ya taa kuwasha wala kuzima, toa watoto nje. Kagua mpira kwa povu la sabuni, kamwe usitumie njiti ya kiberiti. Mafuta yakiwaka kikaangoni, funika kwa mfuniko na uzime jiko, usimwagie maji. Ni maneno machache ambayo mjumbe wa shina anaweza kuyarudia msibani, harusini na kwenye mkutano wa mtaa, na wauzaji wa gesi wana wajibu wa kuyasema kila wanapompelekea mteja mtungi mpya.

Deni lililobaki

Yaliyopatikana ni makubwa, na kumbukumbu ya kweli lazima itaje pia yaliyosalia. Mitaa mingi ya Manzese, Tandale na mingine iliyojengwa bila kupimwa ina vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kuingia. Huko zinahitajika pampu ndogo za kubeba, mipira ya kuunganisha, mapipa ya mchanga na watu wa mtaa wanaojua kuvitumia. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliipa nchi majina ya barabara na namba za nyumba, na faida yake kwa zimamoto ni kubwa mno, ilimradi mwananchi aijue anwani yake kwa kichwa na kuitaja anapopiga 114. Simu za mzaha kwenye namba hiyo ni dhambi dhidi ya jirani ambaye laini yake imezibwa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo ndizo mahali ambapo jeshi, Msalaba Mwekundu, mamlaka ya maji, shirika la umeme, shule, misikiti na makanisa yanaweza kukaa meza moja kabla ya msiba. Zipo kisheria. Zikikutana tu baada ya maafa, zitakuwa kamati za rambirambi. Halmashauri nazo, ambazo zamani zilimiliki zimamoto, zisijione zimetua mzigo. Bado ndizo zinazotoa vibali vya ujenzi, zinazopanga masoko na zinazopima viwanja, na kila kibali kinachotolewa bila kumshirikisha mkaguzi wa zimamoto ni moto uliopewa tarehe ya baadaye.

Magari mapya yanahitajika, vituo vya wilaya vinahitajika, na mishahara na vifaa vya kujikinga vya askari havipaswi kuwa jambo la kuomba. Pamoja na hayo yote, kila kamanda wa mkoa atoe pia hesabu ya pili mwishoni mwa mwaka: shule ngapi za bweni katika mkoa wake zimefanya zoezi la kujiokoa usiku, masoko mangapi yana kikosi cha kwanza kilichofunzwa, mialo mingapi ina wavuvi wenye majaketi na kamba, na mabomba mangapi ya kuchotea maji yamefunguliwa na kujaribiwa. Watoto wa Shauritanga, Idodi na Byamungu hawakuwa na askari karibu, na ingechukua miaka mingi kuwapelekea kituo. Matroni aliyefundishwa, mlango wa pili na ufunguo unaofikika vinaweza kupelekwa katika kila bweni la nchi hii ndani ya mwaka mmoja wa fedha, na huo ndio mwaka ambao Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, pamoja na sisi wote tunaolitegemea, tunapaswa kuuanza.